Chokaa ya Birika Haina Kosa: Mawe ya Figo, Chumvi na Joto la Mombasa

Funua birika lolote lililotumika mwaka mzima Mombasa, utakuta ganda jeupe limeshika chini na ubavuni, gumu kama saruji. Anayelikwangua hukwambia papo hapo kwamba hilo ndilo linalotugandia kwenye figo. Hoja hiyo ina mvuto kwa kuwa ushahidi wake unaonekana kwa macho. Ndiyo maana aliyeambiwa ana mawe ya figo huanza kwa kuyashitaki maji: ya bomba yana chokaa, ya kisima yana magadi, basi anahamia maji ya chupa. Bei ikimshinda, anapunguza kunywa. Hapo kosa dogo la kemia linazaa kosa kubwa la tiba.

Ganda la birika ni kalsiamu kaboneti. Maji yenye chokaa yakichemka, gesi ya kaboni dioksaidi hutoka, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka hukosa cha kuishikilia ikaganda. Figo haichemshi maji. Mawe ya figo kwa watu saba au wanane katika kila kumi yana kalsiamu pia, lakini iliyoungana na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye mboga kama mchicha, na mara nyingine fosfeti. Mengine ni ya asidi ya yuriki, ya maambukizi ya bakteria, na machache ya kurithi. Kufanana kwa ganda na jiwe ni kwa rangi na ugumu tu.

Hata hiyo kalsiamu inayoogopwa imeshapimwa kwa miaka mingi. Mwaka 1993 Gary Curhan na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume zaidi ya 45,000, na waliokula kalsiamu nyingi katika chakula ndio waliopata mawe machache. Mwaka 2002 Loris Borghi wa Parma, Italia, alilijaribu jambo lenyewe kwa wanaume 120 waliokuwa wakirudiwa na mawe. Nusu walipunguziwa kalsiamu. Nusu waliachiwa kalsiamu ya kawaida, wakapunguziwa chumvi na nyama. Baada ya miaka mitano, mawe yalikuwa yamerudi kwa 23 wa kundi la kwanza na 12 wa kundi la pili. Sehemu ya sababu inaeleweka. Kalsiamu iliyoko tumboni wakati wa mlo hushikana na oksaleti ya chakula, vikatoka pamoja chooni. Ukiiondoa, oksaleti inabaki peke yake, inaingia kwenye damu na kuishia kwenye mkojo.

Lakini wanaolaumu maji hawakukosea kabisa; wamemkamata ndugu wa mwizi. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye vitundu, na kisima kikivutwa kupita kiasi maji ya bahari hujipenyeza kutoka chini. Shida ya maji hayo ni sodiamu. Figo zinapotoa sodiamu nyingi, kalsiamu huifuata, na mkojo hujaa malighafi ya jiwe. Piga hesabu. Maji yenye miligramu 200 za sodiamu kwa lita, kiwango ambacho walio wengi ndipo huanza kuhisi ladha ya chumvi, ukinywa lita tatu kwa siku unapata miligramu 600, sawa na gramu moja na nusu ya chumvi ya mezani. Yakiwa na miligramu 500, umekunywa karibu gramu nne, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu tano kwa siku, chakula kikiwa ndani ya hesabu. Bado hujala ng'onda wala achari.

Kuchemsha hakupunguzi chumvi hata chembe. Kunaizidisha, kwa sababu mvuke unaondoka na chumvi inabaki. Vidonge vya klorini vinaua vijidudu, chumvi havigusi. Mashine za kuchuja kwa shinikizo, zile za vibanda vya kuuza maji kwa mtungi, ndizo zinazoiondoa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye mawe unapishana na wa mtaani: maji ya bomba ya chokaa nyingi kunywa bila wasiwasi, maji ya kisima yanayokolea chumvi mdomoni yaachie kufulia na kuogea.

Mshitakiwa mkuu, hata hivyo, si chumvi. Ni jasho. Mwaka 2005 madaktari wa jeshi la Marekani walieleza hali ya askari waliopelekwa Kuwait na Iraki: waliopata mawe walianza kuumwa, kwa wastani, siku 93 tu baada ya kufika. Miezi mitatu ya joto inatosha kutengeneza jiwe la kumwangusha kijana mwenye afya. Mwaka huohuo watafiti wa Uturuki waliwalinganisha wafanyakazi wa kiwanda cha chuma. Waliofanya kazi penye joto kali, asilimia 8 walikuwa na mawe. Waliofanya kazi penye joto la kawaida kiwandani humohumo, asilimia 0.9. Na uchunguzi wa miji mitano ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba siku za joto kali hufuatwa na wagonjwa wengi wa mawe ndani ya siku 20, na mara nyingi idadi hufika kilele ndani ya siku tatu za mwanzo.

Sasa mweke hapo hamali wa soko la Kongowea, mchomeleaji wa vyuma Changamwe, mpishi wa hoteli aliyesimama mbele ya jiko saa nane, dereva wa tuktuk mchana wa Februari upepo wa kaskazi umelegea. Mtu anayefanya kazi ya nguvu juani anaweza kutoa lita moja ya jasho kwa saa. Muuza mboga naye hujizuia kunywa tangu asubuhi kwa sababu choo cha karibu ni cha kulipia, au hakiendeki. Sijui kwa nini mjadala wa mawe ya figo unahusu vyakula siku zote na vyoo vya soko havitajwi.

Kwa sababu hiyo, agizo la "kunywa glasi nane" halifai kwa mwambao. Glasi nane za mtu wa ofisi yenye kiyoyozi zinatoka kwenye mkojo. Za hamali zinaishia kwenye fulana. Kinachopimwa ni kinachotoka. Borghi huyohuyo, mwaka 1996, aliwagawa watu 199 waliopata jiwe mara ya kwanza. Kundi moja lilishauriwa kunywa hadi mkojo ufike lita mbili au zaidi kwa siku, jingine halikuagizwa lolote. Baada ya miaka mitano mawe yalirudi kwa 12 kati ya 99 wa kundi la maji, na 27 kati ya 100 wa kundi la pili. Miongozo ya leo inataka mkojo ufike lita mbili na nusu. Ukilinganisha, dawa ya haidroklorothiazaidi, iliyoandikwa kwa miongo mingi kwa wanaorudiwa na mawe ya kalsiamu, ilijaribiwa Uswisi kwa wagonjwa 416 na matokeo yakatolewa mwaka 2023: haikuonyesha kuzuia mawe kurudi kuliko kidonge kisicho na dawa.

Kupima ni kazi ya siku moja. Tafuta dumu safi la lita tatu au tano. Ukiamka, mkojo wa kwanza umwage chooni, andika saa. Kuanzia hapo kila tone liingie dumuni, mpaka mkojo wa kwanza wa asubuhi ya pili, saa ileile. Siku ya kupima iwe ya kazi, maana ukipima Jumapili umelala barazani utajidanganya. Ikitoka lita moja na robo, unahitaji kuongeza lita moja na robo zaidi ya unavyokunywa sasa, na usiyafululize mara moja: mkojo wa usiku ndio mzito kuliko wote, kwa hiyo sehemu ya nyongeza inywe kabla ya kulala, kiasi cha kukuamsha mara moja. Baada ya hapo rangi inatosha kukuongoza. Mkojo ukifanana na maji yaliyokamuliwa ndimu uko salama. Ukifanana na chai ya rangi umechelewa. Tahadhari moja: mwenye maradhi ya moyo, au ambaye figo zake zimeshadhoofu, asiongeze maji bila daktari kumpangia.

Kunywa lita tatu kwa siku ni mtungi mmoja wa lita 20 kwa mtu mmoja kwa karibu siku saba. Familia ya watu watano inahitaji mitungi mitano na zaidi kidogo kwa juma kwa kunywa tu, kabla ya sufuria kuwekwa jikoni. Wiki ambayo mabomba yamekauka na mkokoteni umepandisha bei, ni rahisi kuona kinachokatwa kwanza. Kwa hiyo uhaba wa maji Mombasa ni sababu ya mawe ya figo, si habari ya usafi na kipindupindu peke yake.

Na Ramadhani? Tafiti za hospitali katika nchi za Kiislamu zimepishana: nyingine ziliona maumivu ya mawe yakiongezeka mwezi huo, nyingine hazikuona tofauti, na mara kadhaa joto la msimu lilionekana kuwa na uzito kuliko saumu yenyewe. Mtu aliyewahi kupata jiwe moja na figo zake ni nzima, kwa kawaida anaweza kufunga akipanga maji yake: anywe kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku, asiyajaze yote kwenye daku yakamtoka kabla ya adhuhuri. Futari ya mwambao ina mtego wake: bhajia, viazi karai, sambusa, samaki wa chumvi. Hapo sodiamu inaingia wakati mwili umekauka. Mwenye jiwe lililokwama, mwenye stenti (mpira mwembamba unaoachwa kwenye njia ya mkojo), au mwenye figo moja azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Kwenye chakula sitakaa sana, kwa kuwa ndiko watu hukaa kupita kiasi. Mchicha na spinachi vina oksaleti nyingi; karanga na korosho nazo zimo. Hakuna haja ya kuviapiza. Mchicha ukiliwa na glasi ya maziwa au mtindi pembeni, kalsiamu inafanya kazi yake tumboni. Tui la nazi halihesabiki hapa, weupe wake si wa kalsiamu. Nyama ipungue, kwa sababu huongeza asidi na kushusha sitreti, kinga ya asili iliyomo kwenye mkojo. Ndimu ina sitreti, basi kuikamua kwenye maji ni jambo zuri, ila isitazamiwe kuyeyusha jiwe la kalsiamu lililokwisha ganda. Madafu yalijaribiwa Marekani kwa watu wachache sana wenye afya, na yalipandisha sitreti na potasiamu kwenye mkojo; dalili njema, haijafika kuitwa tiba. Kinachonisumbua zaidi ni vidonge vya vitamini C vya miligramu 1,000 vinavyotiwa kwenye maji vikatoa povu. Mwili hugeuza sehemu ya vitamini hiyo kuwa oksaleti, na uchunguzi wa wanaume wa Uswidi uliotolewa mwaka 2013 ulikuta waliovitumia walipata mawe karibu mara mbili ya wasiovitumia.

Tufike kwenye dawa za kuyeyusha mawe zinazouzwa kwa chupa mitaani, kila moja na shuhuda wake aliyepona. Shuhuda hasemi uongo. Tatizo linaonekana ukisoma jaribio kubwa la Uingereza la mwaka 2015. Wagonjwa zaidi ya 1,100 wenye jiwe lisilozidi milimita 10 ndani ya ureta, yaani mrija unaoteremsha mkojo kutoka figo hadi kibofu, waligawiwa tamsulosini au nifedipini, dawa za kulegeza mrija huo, au kidonge kisicho na dawa. Baada ya wiki nne, takriban watu 80 katika kila 100 hawakuhitaji tiba zaidi, katika makundi yote matatu. Kidonge kitupu kilifanya sawa na dawa za kiwandani. Ukiwapa watu haohao mzizi wowote uliosagwa, 80 watakusifu. (Uchambuzi uliojumlisha majaribio mengi unaonyesha tamsulosini husaidia kiasi mawe ya zaidi ya milimita tano yaliyoshuka karibu na kibofu, ndiyo maana madaktari bado wanaiandika.) Mizizi inaumiza kwa kula muda. Maumivu yanaweza kutulia huku mrija bado umezibwa, na figo iliyozibwa kwa wiki nyingi hufa kimya kimya. Kutulia kwa maumivu si cheti cha kupona. Kama jiwe halikuonekana likitoka, ultrasaundi irudiwe ndani ya wiki nne.

Jiwe likitoka likamatwe. Kojoa kupitia chujio la chai utakalolitenga kwa kazi hiyo, lioshe, likauke, litie kwenye kichupa kikavu, lipelekwe maabara. Jiwe la asidi ya yuriki halionekani kwenye picha ya eksirei ya kawaida, na ndilo pekee kati ya yale ya kawaida linaloyeyuka kwa dawa: potasiamu sitreti inayopunguza ukali wa asidi ya mkojo. Asiyejua aina ya jiwe lake anaweza kufanyiwa upasuaji wa kitu ambacho kingeyeyuka kwa vidonge. Mombasa ina joto, ina wagonjwa, na ina maabara. Hospitali zikianza kukusanya mawe badala ya kuyatupa, baada ya miaka miwili tutaacha kuazima takwimu za Parma na Kuwait.

Kuhusu maumivu yenyewe, Doha, Qatar, imetufundisha. Mwaka 2016 hospitali ya huko ilichapisha jaribio la wagonjwa 1,645: diklofenaki miligramu 75 ya kuchoma kwenye msuli, mofini ya mshipani, au parasetamoli ya mshipani. Katika nusu saa maumivu yalipungua kwa nusu au zaidi kwa asilimia 68 waliopewa diklofenaki, 66 parasetamoli, na 61 mofini, na mofini ilileta madhara mengi zaidi. Sindano ya bei nafuu iliyoko karibu kila zahanati imeishinda mofini. Isipewe mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, wala mwenye figo mbovu. Na mgonjwa asishindiliwe maji wakati anagaagaa kwa matumaini ya kulisukuma jiwe. Hakuna ushahidi kwamba linasukumika.

Si kila damu kwenye mkojo ni jiwe. Kijana aliyekulia karibu na mito na mabwawa ya Kwale au Kilifi apimwe kichocho, na mkojo wa kupima utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanatoka kwa wingi. Mzee mwenye damu isiyo na maumivu achunguzwe kibofu kwa kamera, asipewe antibiotiki mara tatu mfululizo.

Maumivu ya ubavu pamoja na homa na kutetemeka hayasubiri asubuhi. Huenda ni usaha uliofungiwa kwenye figo. Kazi ya kwanza ni kuufungulia, kwa stenti kutoka chini au mpira unaopitishwa mgongoni, na antibiotiki. Kuvunja jiwe ni kwa siku nyingine. Anayevunja jiwe kwenye figo yenye usaha anasambaza bakteria kwenye damu.

Kuvunja jiwe kwa mawimbi ya mshtuko yanayopigwa kutoka nje ya mwili, tangu Christian Chaussy alipomtibu mgonjwa wa kwanza mjini Munich Februari 1980, kumewaondolea watu wengi kisu. Kunafaa jiwe la figo lisilozidi sentimita mbili na lisilo gumu mno. Kubwa zaidi linafuatwa kwa tundu dogo la mgongoni. Kwa jiwe la ureta, jaribio la Uingereza la mwaka 2022 lilionyesha kwamba waliovunjiwa kwa mawimbi walihitaji tiba ya pili kwa asilimia 22, dhidi ya 10 ya walioingiziwa kamera kupitia njia ya mkojo ili kulifikia jiwe. Kwa mtu anayesafiri kutoka Lamu au Lunga Lunga, safari ya pili ni gharama, na hilo lisemwe mapema.

Kamera nyingi humalizikia kwa stenti, mpira mwembamba uliopinda ncha mbili, moja figoni nyingine kibofuni. Huachwa ili uvimbe usizibe njia. Wagonjwa wengi huhisi haja kila mara na kuona damu wakitembea sana, ingawa wengine huuzoea. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kiko ndani zaidi. Watafiti wa Riyadh walionyesha mwaka 1991 kwamba stenti zilizotolewa kabla ya wiki sita ziliota ukoko wa mawe kwa asilimia 9 tu. Za wiki sita hadi kumi na mbili, asilimia 47. Zilizozidi wiki kumi na mbili, asilimia 76. Mkojo mzito wa mji wa joto hauna huruma kwa plastiki. Stenti iliyosahauliwa mwaka mmoja inaweza kuota jiwe juu na chini, ikavutwa ikakatika, na kuitoa kukahitaji upasuaji mara mbili au tatu, wakati mwingine pamoja na figo yenyewe.

Mgonjwa husahau kwa sababu haumwi, au kwa sababu aliambiwa "umewekewa mpira" akadhani ni ule wa mkojo uliotolewa wodini siku ya pili. Kwa hiyo jina litamkwe, picha ya eksirei inayouonyesha mpira aonyeshwe yeye na aliyemsindikiza, na tarehe ya kuutoa iandikwe kwenye kadi kabla hajavaa nguo za nyumbani. Gharama ya kuutoa ijumlishwe kwenye bili ya kuuweka, maana wengine hawarudi kwa kukosa pesa hiyo ya pili. Upande wa hospitali linatosha daftari lenye safu tano: jina, simu ya mgonjwa, simu ya ndugu, siku ya kuwekwa, siku ya kutolewa, na muuguzi mmoja wa kulifungua kila Jumatatu asubuhi na kupiga simu.